Uzi: Waumini wanaisikia Biblia Jumapili tu. Tufanyeje hapa Tanga waisome na waielewe?

Mkaazi_Chumbageni

Bwana asifiwe wanajukwaa. Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zetu Wakatoliki. Na majirani wote salaam.

Uzi huu ni wa wazee wa kanisa, makatekista, wainjilisti, viongozi wa jumuiya na yeyote mwenye kikundi cha watu wanaokwenda ibadani kila wiki huku Biblia ikikaa kabatini tangu Jumapili mchana hadi Jumapili ijayo asubuhi. Nauweka kwa mazingira ya Tanga kwa sababu ratiba za kutoka kwingine hazitukai. Mtu wa bandarini ana shifti. Mama wa Ngamiani anaamka saa 10 alfajiri kukanda unga wa maandazi. Mvuvi wa Sahare anafuata mwezi, hafuati kalenda ya ofisini.

Hoja yangu ni moja. Watu hawa hawana upungufu wa imani, na wengi hawana uvivu. Wamekabidhiwa kitabu chenye sura 1,189 (Biblia ya Kikatoliki ina zaidi) na hakuna aliyewaonyesha mlango wa kuingilia. Wamezoea kukisikia vipande vipande, aya mbili hapa na tatu pale, kwa hiyo hawajui kwamba ndani yake mna vitabu kamili vyenye mwanzo na mwisho. Na wakikwama kwenye neno gumu hawana wa kumuuliza bila kuona aibu.

Naomba tusiandike "tuwaombee" halafu basi. Tuombe, ndiyo, lakini hapa tuandike dakika ngapi, sura ngapi, watu wangapi, na nini huharibika.

---

Mwalimu_Pongwe

Mkuu umeanza vizuri. Nianze na kinachoua nia ya watu wengi: ratiba ya Biblia nzima kwa mwaka mmoja, inayotolewa kila Januari.

Ipigie hesabu. Sura 1,189 kwa siku 365 ni sura tatu na zaidi kidogo kila siku. Mtu akianza Mwanzo tarehe 1 Januari kwa sura tatu, tarehe 17 anamaliza Mwanzo, na mpaka hapo anafurahia kwa sababu ni visa vya watu: Ibrahimu, Yakobo, Yusufu. Anaingia Kutoka, bado mambo ni mazuri, Musa na Farao. Tarehe 25 anafika Kutoka 25, vipimo vya sanduku, meza na kinara, na sura nyingi za namna hiyo zinafuata. Tarehe 31 yuko Walawi 1. Hapo ndipo wengi wanapoachia. Tatizo haliko kwa Walawi, kitabu hicho kina kazi yake kubwa. Tatizo ni kwamba anayesoma peke yake bila maelezo hawezi kuona vipimo vya hema vinamhusu vipi.

La pili ni deni. Akiugua malaria siku nne tayari anadaiwa sura 12. Anaona aibu, anaacha moja kwa moja, na mwaka unaofuata anaanza tena Mwanzo 1. Ndiyo maana kanisani utakuta watu waliosoma kisa cha Nuhu mara nane na hawajawahi kumaliza Waraka kwa Wafilipi wenye sura nne tu.

Hesabu iliyo rahisi kubeba: Agano Jipya lina sura 260. Mwaka una wiki 52. Sura tano kwa wiki, umemaliza. Siku tano za kusoma, siku mbili ni za kufidia au kupumzika. Kwenye karatasi ya ratiba USIANDIKE TAREHE. Andika jina la kitabu na namba za sura, kila sura na kiboksi chake cha kuweka alama. Aliyeugua anaendelea alipoishia bila kudaiwa.

Na kwa anayeanza kabisa hata hizo 260 ziache kwanza. Mpe kitabu kimoja kifupi akimalize. Marko ina sura 16, na mtu akiisoma kwa sauti bila haraka inamchukua kama saa moja na nusu yote. Ruthu sura 4. Yona sura 4. Yakobo sura 5. Mtu aliyewahi kumaliza kitabu kimoja anasimama tofauti na ambaye hajawahi kumaliza chochote.

---

Kijana_Barabara12

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana na hesabu, lakini vijana wengi wana simu. Programu ya Biblia ipo bure, na aya ya siku inakuja yenyewe kila asubuhi. Haitoshi?

---

Mwalimu_Pongwe

Marahaba mwanangu. Simu inasaidia sana kwa mambo mawili: kusikiliza Biblia iliyosomwa kwa sauti, na kulinganisha tafsiri mbili papo hapo. Pakueni matini yote mara moja mkiwa na bando, ili isidai intaneti kila mara inapofunguliwa.

Aya ya siku siikubali iwe ndiyo kusoma. Aya moja iliyokatwa haina aliyesema, haina aliyeambiwa, haina kilichotangulia. Mtu anaweza kupokea aya ya siku miaka kumi na asijue Wagalatia inazungumzia ugomvi gani. Kundi la WhatsApp nalo likiachwa wazi hugeuka la kusambaziana picha za maua na michango ya harusi. Mkitaka lifanye kazi, lifungeni. Kiongozi anaweka sura ya leo, analifungua saa 1 hadi saa 2 usiku tu, na kila mtu anatuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja akisema alichokiona NDANI YA SURA HIYO. Aliyetuma kingine chochote kinafutwa, bila ugomvi.

---

Nahodha_wa_Sahare

Mimi nataka kusema juu ya lugha, maana hapo kuna hazina tunayoikanyaga kila siku.

Biblia inayotumika makanisani mwetu kwa wingi ni ile tafsiri iitwayo Union, iliyotoka nzima mwaka 1952. Kiswahili chake ni cha pwani. Kabla yake kulikuwa na kazi ya Askofu Edward Steere kwa Kiunguja, na ya Mjerumani Karl Roehl ya mwaka 1937, ambaye alijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Union iliyabakiza mengi. Kijana aliyesomeshwa Kiswahili cha darasani na cha redio anaifungua, anakutana na maneno ya babu yake wa pwani, anadhani ni maneno ya mbinguni yasiyoeleweka.

Chukua Marko 4, dhoruba. Imeandikwa wakamchukua Yesu katika "chombo". Mtoto wa leo anafikiria sufuria. Chombo ni jahazi, mashua. Kisha alikuwa katika "shetri" amelala juu ya "mto". Waulize vijana kumi shetri ni nini. Na yupo atakayekuambia Yesu alilala juu ya mto wa maji kama Pangani! Shetri ni nyuma ya chombo, upande wa nahodha, na mto ni wa kulalia. Mzee yeyote wa Deep Sea atakueleza hayo kwa dakika moja. Ghafla kisa kizima kinaonekana: kwa nini hakulowa mapema, kwa nini ilibidi wamwendee kumwamsha.

Mengine ya namna hiyo. Matendo 27, Paulo anapovunjikiwa merikebu, mna pima 20 kisha pima 15 za kina cha maji, mna tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo), mna kupwelewa, yaani chombo kukwama maji yakiwa machache. Hii ni lugha ya bandari hasa. Juya la Mathayo 13:47, yaani wavu wa kukokota, linajulikana kwa kila mvuvi: linazoa chochote, kizuri na kibaya, kuchagua ni ufukweni. Mfano huo hauhitaji mahubiri marefu Sahare. Unahitaji kusomwa tu, kisha kuwauliza wavuvi wenyewe, "Mkishavuta, mnafanyaje?"

Neno "chuo" katika Luka 4:17, Yesu alipewa chuo cha nabii Isaya. Hapo chuo ni kitabu chenyewe, matumizi ya zamani. "Arabuni" ya Waefeso 1:14 ni malipo ya kutangulia ili mali isiuzwe kwa mwingine, na maduka yetu bado yanayafanya hayo kila siku hata kama wengi sasa wanaita advansi. Mwambie muumini kwamba Roho Mtakatifu anaitwa arabuni ya urithi wetu, umwache mfanyabiashara wa Ngamiani aeleze arabuni inamfunga nani: aliyetoa au aliyepokea? Mjadala utawaka wenyewe.

Halafu maneno madogo yanayopotosha kimyakimya. "Hata" kwenye Union mara nyingi maana yake ni "mpaka". Marko 15:33, giza likawa juu ya nchi yote "hata saa tisa", yaani mpaka saa tisa. "Nalikuwa" ni "nilikuwa", si "na alikuwa". Ukilikosea hilo, Mathayo 25 yote inabadilika msemaji.

Na saa zenyewe. Hapa sisi tumependelewa. Saa za Agano Jipya zilihesabiwa kuanzia macheo kama tunavyohesabu sisi. Wakulima wa Mathayo 20 walioajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, Mswahili hahitaji kugeuza kitu. Saa kumi na moja ni jioni jua linashuka, imebaki saa moja tu ya kazi. Anayesoma vitabu vya Kiingereza analazimika kufafanuliwa, sisi tunaona wenyewe dhuluma waliyodhani wamefanyiwa wale wa asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu: kila kikundi kiwe na mzee mmoja au wawili wa pwani, hata kama hawawezi kusoma. Kazi yao ni maneno. Kuwe na daftari moja la msamiati la kikundi, maneno yasiyozidi matano kwa kikao. Yakizidi hapo, kikao kinageuka darasa la lugha na watu wanasahau kisa.

---

Mkaazi_Chumbageni

Nahodha umenifungua macho kwenye mto na shetri. Hili la wazee nalikazia.

---

Msambaa_wa_Soni

Naongeza la huku milimani. Kutoka Lushoto hadi Bumbuli kuna wazee wanaoelewa mahubiri ya Kiswahili kwa juu juu lakini moyo wao uko kwenye Kisambaa. Vivyo hivyo Kibondei kule Muheza, Kizigua Handeni, Kidigo ukanda wa mpakani. Somo lisomwe kwa Kiswahili, kisha mtu mmoja alirudie kisa chote kwa lugha ya nyumbani bila kuangalia kitabu, na wengine wamsahihishe. Atakachokosea ndicho ambacho kikundi kizima hakikuelewa. Hii ni njia ya kupima uelewa bila kumfanyia mtu mtihani.

Tahadhari: anayerudia asiongeze mafundisho. Asimulie tu. Akianza "maana yake kwetu leo ni...", mrudisheni taratibu.

---

Bint_Muheza

Shalom wapendwa. Mnasahau macho.

Mtu akivuka miaka 40 na kitu, uwezo wa kuona maandishi ya karibu unapungua. Ni umri, si ugonjwa. Biblia nyingi tunazopewa kwenye kipaimara zina maandishi madogo mno, na karatasi nyembamba inayoonyesha herufi za upande wa pili. Mama wa miaka 55 akikuambia "nitasoma baadaye" au "nimesahau miwani", mara nyingi anaficha kwamba haoni. Kabla ya kumhubiria juu ya kupenda Neno, mpe karatasi yenye aya moja, uone anaishika umbali gani. Akinyoosha mkono mpaka mwisho, jibu unalo. Aende akapimwe macho, na kanisa linaweza kuweka miwani michache ya kusomea mezani, nguvu tofauti, ya kuazima wakati wa kikao. Taa nayo. Kikao cha saa 1 usiku chini ya balbu moja ya ukumbi kinawatesa wazee. Fanyeni saa 10 jioni, barazani, mwanga wa jua.

La pili ni wasiojua kusoma. Wapo, nao wanajua kujificha kwa ustadi. USIZUNGUSHE KITABU kila mtu asome aya moja moja kwa zamu. Zoezi hilo limefukuza watu wengi kuliko mahubiri marefu. Asiyejua kusoma anaanza kuhesabu viti ili ajue zamu yake inafika lini, hasikii chochote, na wiki ijayo haji. Hata anayejua kusoma anakuwa anatafuta aya yake, haelewi inayosomwa.

Badala yake chagueni wasomaji wawili, wapewe sura siku mbili kabla. Waisome kwa sauti nyumbani mara tatu: ya kwanza kujua maneno, ya pili kujua pa kupumzikia, ya tatu kama wanamsimulia mtu. Majina magumu, Arimathaya, Bethsaida, Nebukadneza, wayatamke mara kumi kila moja. Kikaoni wa kwanza anasoma sura yote watu wakisikiliza TU, vitabu vimefungwa. Kisha wa pili anaisoma tena watu wakiwa wamefungua. Sura ya kawaida ya Marko ni dakika tano hadi saba. Mara mbili haizidi robo saa. Usomaji wa kwanza unampa asiyejua kusoma haki sawa na wote, maana hapo kila mtu ni msikilizaji.

Mbona majirani zetu Waislamu tunawasikia? Mtoto wa jirani anakwenda chuoni kila siku, anasoma kwa sauti, na siku akihitimu mtaa mzima unajua. Pwani hii ina heshima ya kukisoma kitabu kwa sauti mpaka mwisho. Sisi hatuna sababu ya kukifanya Kitabu chetu kuwa cha kunong'onwa. Adhana ikiadhiniwa, tulieni dakika chache, kisha mwendelee. Ujirani ni mwema.

---

Katekista_Makorora

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hapo kwenye kuzungusha kitabu umesema kweli tupu.

Kwa Wakatoliki njia imekwisha kuchongwa, ila hatuitumii. Masomo ya Dominika yana mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A Injili ya Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka, na Yohana inaingia kwenye majira maalumu kama Kwaresima na Pasaka. Jumuiya Ndogo Ndogo ikisoma Injili ya Dominika ijayo katikati ya wiki, muumini anafika kanisani akiwa ameshaisikia, na homilia inamkuta ana maswali. Kosa ni kusoma kile kipande tu. Someni sura nzima kilimotoka. Kipande kina aya 10 au 15, sura ni dakika chache zaidi, na faida ni kubwa.

Kwa nini sura nzima? Kwa sababu ya aya za kubebwa mfukoni. Wafilipi 4:13 inaandikwa kwenye bajaji na kwenye fulana, nayaweza mambo yote. Isomeni kuanzia 4:11. Paulo yuko kifungoni, anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" anayoyaweza ni pamoja na njaa. Yeremia 29:11, mawazo ya amani, inatumwa kwa kila anayesubiri kazi. Aya iliyo juu yake, ya 10, inasema miaka 70 Babeli kwanza. Mathayo 18:20, wawili watatu waliokusanyika, tunaisema watu wakiwa wachache ibadani, lakini kuanzia 18:15 maneno yale yanahusu ndugu aliyekosa na namna ya kumrudisha. Aya hizi hazipungui utamu zikirudishwa kwenye nafasi zao. Zinapata uzito, na muumini aliyepita kwenye njaa anaona Paulo alimtangulia.

Namba za sura hazikuwako mwanzoni. Mgawanyo wa sura tulio nao unahusishwa na Stephen Langton, karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya aliziweka mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Kwa hiyo wakati mwingine kisu kimekata pabaya. Isaya 53, mtumishi anayeteseka, kwa kweli inaanzia 52:13. Waambieni waumini hilo, wanapata ujasiri wa kusoma kuvuka namba.

Maswali ya kikao yawe manne na yasibadilike, watu wayazoee mpaka wayaulize wenyewe nyumbani. Nani anasema, na anamwambia nani? Nini kimetokea kabla tu ya hapa? Neno au jambo gani limerudiwa? Na mwisho kabisa: tunaombwa tuamini au tufanye nini? Swali la nne likitangulizwa, kila mtu anasema jambo alilokuja nalo kutoka nyumbani na sura haijasikika.

---

Kijana_Barabara12

Asante Katekista. Je, mashindano ya Biblia? Vijana wanapenda, na zawadi zinawavuta.

---

Bint_Muheza

Kaka, zawadi kwa aliyesoma sura nyingi inazaa kukimbiza macho. Mtoto anameza sura kumi kwa nusu saa na hakumbuki moja.

---

Mwalimu_Pongwe

Mama, kwa heshima, nisingeyatupa mashindano yote. Yanaharibika kwa aina ya maswali. "Methusela aliishi miaka mingapi?" anajibu mwenye kumbukumbu, hata kama hajaelewa lolote. Badilisha maswali. Mfano: Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akamkaba mwenzake wa dinari mia. Dinari moja ni kibarua cha siku moja, Mathayo 20:2 inakuonyesha. Talanta moja ni kama dinari 6,000. Waambie timu zikokotoe deni lile kwa kibarua cha mtaani kwenu, iwe cha shamba la mkonge au cha kubeba mizigo. Dinari mia ni kama miezi minne ya kazi, deni la kweli, linauma. Talanta moja tu, kwa siku 300 za kazi kwa mwaka, ni miaka 20. Elfu kumi ni miaka 200,000. Hakuna anayelipa hilo. Kijana akishaiandika namba hiyo kwa mkono wake hahitaji kuambiwa Yesu alikusudia nini.

Na hapo hapo atajua kwamba talanta ya Mathayo 25 ni fedha, mzigo wa fedha, si kipaji cha kuimba.

Zawadi iwe ya timu, iwe kitu cha kusomea: Biblia ya maandishi makubwa kwa bibi wa mmoja wao, au miwani.

---

Bint_Muheza

Hiyo ya bibi naipokea.

---

Mkaazi_Chumbageni

Naomba pia tuwaseme viongozi kwa upendo, maana wanasoma humu. Mhubiri akisoma aya moja na kuhubiri dakika 45 huku akirukia aya 20 za vitabu 12, anawafundisha waumini kwamba hivyo ndivyo Biblia inavyosomwa. Wanamuiga. Akitaka wasome, ahubiri kitabu kimoja kwa wiki sita au nane mfululizo, atangaze sura ya wiki ijayo, na akisema "fungueni", anyamaze nusu dakika mpaka karatasi ziache kulia. Ukutani wakionyeshwa kila aya, Biblia zinabaki nyumbani, kwa sababu hakuna wa kuzihitaji.

Nehemia 8 ni kielelezo tosha. Ezra alisoma tangu asubuhi hata adhuhuri (hiyo hata ya Nahodha), na Walawi wakawaeleza watu maana mpaka wakayafahamu yaliyosomwa. Kusoma na kueleza vilikwenda pamoja, na waelezaji walikuwa wengi kwa mkutano mmoja.

Sasa Mwalimu, tupangie Marko kwa vitendo. Kikundi cha watu wanane, mtaani.

---

Mwalimu_Pongwe

Wanane ni idadi nzuri. Wakizidi 12 gaweni, maana wanne wataongea na wanane watasikiliza.

Wiki ya kwanza msijadili kitu. Someni Marko yote kwa sauti kikao kimoja, wasomaji wanne wakipokezana kila baada ya sura nne, chai katikati baada ya sura ya 8. Wengi watakuwa wanakisikia kitabu kizima cha Biblia kwa mara ya kwanza maishani.

Baada ya hapo sura moja kwa wiki, ila sura ya 14 ina aya 72, igaweni: 14:1–42 mpaka Gethsemane, kisha 14:43–72. Jumla wiki 18 pamoja na ile ya kwanza. Mkitaka kumalizia Pasaka, hesabuni nyuma wiki 20, wiki mbili ziachieni Krismasi na mwaka mpya. Kikao ni saa moja: robo saa kusoma mara mbili, nusu saa maswali manne ya Katekista, dakika tano msamiati, kumi maombi yanayotokana na sura hiyo. Saa ikifika, funga hata kama mjadala umenoga. Wakiondoka na hamu watarudi.

Mambo ya kuyawinda njiani. Sura ya 5, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 amewekwa katikati ya kisa cha binti wa miaka 12, ulizeni kwa nini. Sura ya 8 hadi ya 10, Yesu anatabiri kifo chake mara tatu, 8:31, 9:31 na 10:33, na kila mara wanafunzi wanajibu visivyo: Petro anamkemea, kisha wanabishana nani mkubwa, kisha Yakobo na Yohana wanaomba viti. Sehemu hiyo imezungukwa na vipofu wawili wanaofunguliwa macho, wa Bethsaida aliyeona kwa hatua mbili, na Bartimayo. Msiwaambie kikundi. Waulizeni nini kimerudiwa, mngoje. Kimya cha nusu dakika kinamtisha kiongozi, lakini ndani yake watu wanafikiri.

Pa kuharibikia: wiki ya sita au ya saba, sura ya mifano (ya 4) imepita, ugeni umeisha. Hapo mahudhurio hushuka. Msiongeze kitu kipya. Mpeni kila mtu mwenzake mmoja wa kumpitia njiani, basi.

---

Nahodha_wa_Sahare

Kwa wavuvi wa dagaa, vikao viwekeni mbalamwezi inapowaka. Usiku wa mwezi taa zao hazivuti dagaa, wengi wanakaa nchi kavu. Kwenye giza msiwatafute. Vikao viwili au vitatu mfululizo kwa mwezi, sura mbili kila kimoja, watakwenda sawa na wenzao.

---

Msambaa_wa_Soni

Swali kabla hatujaanza. Tukifika Marko 16, nakala nyingine zimetia alama au mabano kwenye 16:9–20. Mtu atauliza. Tumjibuje bila kumyumbisha?

---

Katekista_Makorora

Mjibuni wazi, msizunguke. Nakala mbili za kale kuliko nyingi tulizo nazo, za karne ya 4, Codex Vaticanus na Codex Sinaiticus, zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Nakala nyingi za baadaye zina aya zinazofuata, na Kanisa limezisoma tangu zamani. Kufufuka kwenyewe hakutegemei aya hizo, kumeshatangazwa katika 16:6. Kisha rudini kwenye swali la tatu na la kwanza: hofu imerudiwa wapi katika Marko, na nani walikuwa wanaogopa? Fungueni tena 4:41, mule chomboni.

---

Mkaazi_Chumbageni

Nimechapisha ratiba ya viboksi, karatasi moja mbele na nyuma, haina tarehe. Anayeitaka aniandikie pembeni, aseme na idadi ya watu wake na kama anahitaji ya maandishi makubwa.